Gari Halijapita Hapa

Palikuwa na Nguchiro, fundi wa magari aliyejua kulalamika kuliko kuunda. Alimlilia Mfalme Tembo, "Magari ya ng'ambo yananimaliza!" Tembo akafunga mpaka.

Wiki haikuisha, Nguchiro akarudi. "Hata magurudumu yangu yamezuiwa! Yanatoka ng'ambo."

"Sasa nifunge au nifungue?" Tembo aliuliza, kichwa kikimzunguka.

"Vipuri vipite, Mtukufu. Magari yasipite."

Punda, mlinzi wa mpaka, akatii neno kwa neno. Kesho yake Kima wa ng'ambo akavusha magurudumu, kisha milango, mwishowe injini. Jioni honi ikalia nyuma ya Punda: Kima yuko ndani ya gari jipya.

"Limepitaje?" Nguchiro akaja mbio akifoka.

Punda akatikisa kichwa. "Gari halijapita hapa, fundi. Hilo limeundwa hukuhuku, kama lako."