Dakika Tatu za Meza Moja

Saa nne asubuhi, Agosti 1958, wapiga picha wa kampuni ya televisheni ya kaskazini mwa Uingereza waliweka meza uani kwa Tusekile, Iyunga. Barua ya makao makuu iliagiza dakika tatu za familia ikila pamoja, kabla ya tangazo la sabuni.

Kwa Wanyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe. Akimtazama, husemwa mimba huharibika. Ya Tusekile ilikuwa ya miezi saba.

“Dada, kaa. Mumeo ameshakubali,” mkalimani alisema.

“Mama yako angekaa?”

“Mama yangu hakuombwa.”

Tusekile aliketi, mikono juu ya tumbo. Kamera ikaanza kuvuma.

Baba mkwe akaingia amejifunika blanketi kichwa kizima. Alipapasa kiti, akaketi, akanyoosha mkono kutafuta sahani ya ndizi.