Nyuki wa Ua la Boga

Siku hizi bustani isiyotoa picha ya nyuki hai, wazi kuanzia vipapasio vya kichwani hadi mbawa, humwagiwa zege na halmashauri. Mimi sina wasiwasi. Alfajiri nyuki hulala ndani ya ua la boga, amezizima kwa umande. Nampiga picha nyingi, kila moja wazi mahali padogo tu, kisha simu inazipanga ziwe moja.

"Kitendawili!"

"Tega, mama," akasema mkwe wangu Sikudhani.

"Nina ukungu vipande vipande, nikivipanga napata mdudu mzima."

"Picha zako hizo! Umezidi!"

Nikaituma picha kwa halmashauri, na jibu lao likaja papo hapo: nyuki yu hai, bustani ni yetu. Tukashangilia.

Jua likapanda, umande ukakauka. Sikudhani akaligusa ua, kisha nyuki mwenyewe; hakutikisa hata mguu.

"Mama, mbona haruki?"

"Mwache alale," nikamwambia, nikaenda kumwagilia maboga ya upande wa pili.