Kaburi la Mjomba Mwanzia

Kaburi lilikuwa tayari. Kilichobaki ni kuamua nani yumo ndani.

"Babu yako," alisema Justus, akipanga mawe pembeni mwa tuta.

"Babu yangu yu hai kule Mwingi," akajibu Lenah, mkewe. "Mwezi jana ametuletea asali. Wataka kumwua kwa ajili ya ekari mbili?"

"Basi mjomba wako. Mjomba Mwanzia."

"Sina mjomba anayeitwa Mwanzia."

"Ndiyo maana amekufa."

Lenah alicheka hadi akaketi chini, kisha akakumbuka kilichowafikisha hapo, akainuka. Ekari mbili hizo ndizo zilizokuwa mali yao yote. Kiwanda cha sukari kilipofungwa, wakata miwa waliotoka bara walibaki pale Mkoroshoni, wakajilimia vipande vya ardhi vilivyoachwa. Hakuna aliyewauliza kitu kwa miaka. Sasa ilikuwa 1998, mvua za El Nino zimekwisha, na kamati ya ardhi ilikuwa ikipita shamba kwa shamba kuandika nani mkaazi na nani mpita njia. Karani alilisema barazani bila kumung'unya maneno: nyumba ya makuti hujengwa kwa wiki moja, lakini kaburi halidanganyi. Asiye na mtu wake ardhini angepewa miezi mitatu ahame.

Hapo ndipo Wakamba wa Mkoroshoni, akina Justus, walipobanwa. Wao, mtu wao akifa, huchangishana, wakakodi gari, wakampeleka bara akalale na wenziwe. Miaka kumi na minne Justus alikuwa hapo, na hakuwahi kuzika hata kuku.

"Mbona fupi hivyo?" Lenah aliuliza, akilipima kaburi kwa macho. "Mjomba wangu alikuwa mtoto?"

Kweli lilikuwa fupi. Ardhi ilikuwa ngumu, Justus alikuwa amechoka, na sululu yenyewe, ambayo ni yake, aliipata jua limeshapanda, baada ya kuifuata kwa Mzee Chande aliyeiazima tangu Alhamisi.

Huyo Mzee Chande ndiye aliyemtia Justus hofu. Alikuwa akiuza samaki wa kukaanga karibu na msikiti, na hapakuwa na aliyemzidi umri pale mjini. Alijua kila mnazi ulipandwa na nani, na kamati ilikwenda naye kila shamba awe shahidi. Mtu huyo ndiye ambaye Justus alilazimika kumwendea asubuhi ile ya Jumamosi.

"Shikamoo, mzee. Nimefuata sululu yangu."

"Marahaba, mwanangu. Wataka kuchimba nini?"

"Choo."

Mzee aliitazama sululu, akamtazama Justus, akaipangusa udongo kwa kiganja. "Choo ni jambo jema," akasema. "Lakini chimba taratibu. Mwili ni amana."

Maneno hayo yalimkaa Justus kooni siku nne nzima. Aliotesha nyasi juu ya tuta, akanyunyiza majivu, akawapitisha mbuzi mara mbili wakanyage. Alipomaliza, hata yeye aliona kama kaburi la zamani kidogo, ukilitazama kwa mbali na kwa moyo mwema.

Jumatano kamati ikafika, karani mbele na faili lake, Mzee Chande nyuma na bakora yake.

"Nani huyu?" karani akauliza.

"Mjomba wa mke wangu, Mwanzia. Ndiye aliyetutangulia hapa. Alifariki sabini na tisa."

"Msalaba uko wapi?"

"Ulichukuliwa na El Nino."

Karani akalizunguka kaburi, akalizunguka tena. "Ni fupi sana hili," akasema, kisha akageuka. "Mzee Chande, wewe ndiwe mwenyeji. Wamjua marehemu?"

Mzee alisogea polepole. Akachutama, akaligusa jiwe moja, akatikisa kichwa. Akilini Justus alimwona Lenah amebeba masufuria kichwani, akaona nyumba inabomolewa, akajilaani kwa uvivu wake. Shibiri mbili tu zaidi, na pengine wangepona!

"Mwanzia," alisema Mzee Chande. "Nitaachaje kumjua? Alikuwa mtu mfupi, Mungu amrehemu. Mfupi, lakini panga la miwa alilijua. Alikuwa akinunua papa kwangu kila Jumamosi, na hakukubali kutoka bila kunitania. Siku tuliyomzika nilisimama papa hapa, mvua inatunyeshea." Sauti ikamkatika, akapangusa macho kwa ncha ya kikoi.

Lenah akaangua kilio, na kilikuwa kilio cha kweli. Justus naye alianza kumkumbuka mjomba huyo, na kusikitika kwamba hawakuonana zaidi alipokuwa hai. Karani akavua kofia, akasubiri kwa adabu, kisha akaandika: mkaazi.

Karani alipotangulia kwenda garini, Justus aliudaka mkono wa mzee kwa mikono yake yote miwili.

"Mzee, sijui nikushukuruje. Wewe ni mtu wa hapa hapa, mwenye ardhi yako, ungeweza kabisa kusema—"

"Hapa wapi?" Mzee Chande alimkatiza, akichungulia kama karani yuko mbali ya kutosha. "Sisi ni watu wa Mkwiro, ng'ambo ya maji, mwanangu. Maiti wetu wote twawavusha kisiwani. Kesho kamati ni kwangu, njooni mapema wewe na mkeo. Hapa nina mama mmoja tu, nimemzika Ijumaa kwa sululu yako, na hana wa kumlilia."