Silinda ya Nne

Bwana Mwinyimvua alioshesha nozeli, vile vipulizia mafuta, za gari lake kuukuu ili lisimtikise mkewe mgonjwa njiani. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mlima, daktari mgeni angeondoka adhuhuri, na mtaani hapakuwa na gari jingine. Asubuhi alipoliwasha, likatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa.

Bi Siwazuri, mkewe, alikuwa ameshaketi ndani, kanga mpya mabegani, kikapu mapajani.

"Baba Zuhra, limeniambukiza kutetemeka au nimeliambukiza?"

Fundi Hokororo, aliyeitwa haraka, akachomoa waya wa plagi ya kwanza, injini ikataka kuzima. Wa pili vilevile, na wa tatu. Alipochomoa wa nne, injini haikujua hata kama imeguswa.

"Silinda hii imelala," akasema.

Wakaibadilishia nozeli, wakaibadilishia na plagi. Ikaendelea kulala. Fundi akaegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akasikiliza kama mtu anayedokezwa umbea. Kisha akatikisa kichwa.

"Siyo nozeli, mzee. Injini yenyewe imechoka. Mlima ule haiupandi."

Mwinyimvua akawa anafuta boneti iliyokuwa safi tayari.

"Fundi, nipe hiyo bisibisi," akasema Bi Siwazuri.

"Mama, utachafuka."

"Namchafukia nani? Daktari?"

Akamwita mumewe dirishani, akamwekea ncha kifuani, mpini sikioni mwake mwenyewe, akafumba macho. Gari likazidi kumtikisa. Mwinyimvua akabana pumzi, kitambaa mkononi, akingoja kuambiwa mkewe amesikia nini.