Maswali ya Nguchiro

Nguchiro alitamani sana kusomea uhandisi mitambo, ila hakuwa mnyama wa kuvuka mto bila kupima kina. Chuo kilikopesha ada ya pishi mia za mtama, zilipwe kwa mshahara baada ya kuhitimu. Rafiki yake Kicheche alikopa siku hiyohiyo.

"Twende, ndugu yangu."

"Tangulia. Kwanza nijue kama mshahara utalimeza deni, au deni litaumeza mshahara."

Akamwendea Kasuku, mshauri wa masomo, aliyetoza pishi moja kwa kila swali.

"Sina kitu, mzee."

"Uliza tu, mwanangu. Utalipa mbele ya safari."

Nguchiro akauliza. Mhandisi wa kiwanda cha sukari hupata ngapi? Na wa mashine za kusaga? Na akiugua? Na mashine zikikataa kuharibika? Kila jibu lilizaa swali, na miaka ikapita.

Hatimaye Kasuku akakunja mbawa. "Hesabu imetimia. Shahada hiyo inalipa. Kasome."

Nguchiro akakimbia hadi kinuni, alikokuwa Kicheche, ovaroli imelowa grisi. "Kicheche! Kumbe shahada inalipa!"

"Najua," Kicheche alisema, kichwa bado kimo ndani ya mashine. "Deni langu nimelimaliza mavuno haya. Wewe je?"

Kabla hajajibu, Kasuku akatua na magunia matupu. "Pishi mia na ishirini, mwanangu."

"Mzee, nitalipa kwa mshahara gani?"

"Hilo," Kasuku alisema, "ni swali la mia na ishirini na moja."