Mtumiaji wa Mwisho

"Kola bado inatoka kubwa," aliandika mtu aliyejiita Pindo. "Mwaka jana ulisema utarekebisha. Wewe ni mtunzaji wa programu au ni pambo la ukutani?"

Mzee alisoma, akakuna kichwa. Kisha akajibu kama alivyojibu siku zote, kwa jina la mwanawe: "Nimeona. Nitaishughulikia."

Hangeishughulikia. Yeye alikuwa fundi redio, si mwandishi wa programu. Ile programu ya kuchora vipimo vya nguo kabla ya kukata kitambaa aliiandika mwanawe, akaigawa bure, ikaingizwa kwenye Linux, mfumo wa kompyuta usiouzwa, pamoja na maelfu ya nyingine. Kijana alipozidiwa hospitalini, alimpa baba yake nywila.

"Watu wakiuliza, wajibu tu, baba. Mtunzaji akinyamaza, wanaiondoa."

Tangu mazishi, mzee alijibu. Matoleo mapya ya Linux yalikuja na kupita, programu ya mwanawe ikabaki vilevile, imechakaa kama kandambili za bafuni. Watumiaji wakahama mmoja mmoja. Akabaki Pindo, mdomo kama wembe. Mkono umepinda. Kiuno hakilingani. Halafu, katikati ya lawama: "Na wewe, unakula kweli?"

Mzee alishangaa mtu wa mbali kumjali hivyo. Akajikuta anamweleza: chakula hakipiti, usingizi hauji, nyumba imekuwa kubwa.

Nyumbani hakuwa na wa kumwambia hayo. Zamani mkewe alimwita Baba Fulani, kwa jina la mtoto wao wa pekee. Jina hilo sasa halikutamkika, na jingine la kumwitia hakuwa nalo. Mke alihamishia cherehani yake chumbani kwa marehemu, akawa anashinda humo na kazi zake. Mzee hakukanyaga tena chumba kile. Akiwekewa chakula mezani alisema asante. Basi.

Mchana mmoja, mkuu wa kundi la watu wa kujitolea wanaokusanya programu hizo aliweka tangazo mbele ya wote. Programu ya vipimo imepitwa na wakati. Ahadi zimekuwa nyingi, marekebisho hakuna. Inaondolewa leo pamoja na jina la mtunzaji wake, isipokuwa kama yupo mtu anayeitumia bado na atajitokeza kuitetea.

Mzee alilikodolea macho jina la mwanawe kwenye skrini. Alianza kuandika "Nitaishughulikia", akafuta. Akaandika tena, akafuta tena. Hata yeye asingemwamini mtu wa namna hiyo. Akabaki kuomba kimoyomoyo kwamba Pindo yupo, na kwamba leo, angalau leo, hatalalamika.

Ng'ambo ya ukuta, cherehani ilinyamaza.

Punde Pindo akaandika:

"Msiiondoe. Kola najua kuipunguza mwenyewe, nashona tangu sijaolewa. Mwanangu aliiandika kwa ajili yangu. Anayewajibu kwa jina lake ni baba yake, na ni hapa tu anapozungumza nami."