Kombani Nzima Wanijua

"Kombani nzima wanijua, baba," Abubakar alisema, mkono kifuani. "Shuka pale stendi utaje Abu Fundi Simu. Hata mbuzi watakuelekeza."

Ukweli ni kwamba Kombani alikuwa akiipita tu akienda Mombasa, tena mara nyingi akiwa amesinzia.

Mzee Sharif, babake Husna, alikuwa amemwita barazani kwake Msambweni kabla hajapokea washenga wowote. Alikuwa na swali moja tu: unakaa wapi? Kwao mchumba hachunguzwi usoni. Huuliziwa kwa majirani na msikitini, kimyakimya, na neno moja baya latosha kurudisha posa.

"Alhamdulillahi," mzee akasema. "Basi Kombani haitatupa taabu kuuliza. Tukiridhika sisi, na mjomba wake Husna akiridhika, utaleta watu wako."

Abubakar alikuwa akikaa na kufanya kazi Ukunda, mwaka wa sita sasa, kwenye ua wa vyumba vinane. Kushoto kwake alikaa Lewis, kijana wa bara mwenye spika kubwa kuliko kitanda chake. Kulia alikaa Mama Jumwa, muuza tembo la mnazi. Msikitini Abubakar alionekana Ijumaa, tena safu ya mwisho, karibu na viatu. Na kana kwamba hayo hayatoshi, masika yaliyopita mtaa mzima ulimwona amembeba Mama Jumwa mgongoni hadi barabarani, mvua inawapiga, mama hajitambui, wote wawili wananuka tembo, akitafuta gari la kumfikisha hospitali. Nani atamsimulia baba mkwe hayo, na posa ipone?

Kesho yake akafunga godoro kwenye bodaboda.

"Msee, unahama juu ya dem?" Lewis aliuliza. "Si hapa ndio kwenu?"

"Hapo ndipo penye shida."

Mama Jumwa alimtilia mihogo kwenye mfuko, akaingia ndani.

Jioni ya kwanza Kombani, Husna alipiga simu. Hata salamu alizisahau.

"Abu, wamwambia baba wakaa Kombani? Kombani kuna..."

"Kuna amani. Niachie mimi." Akakata, maana adhana ilikuwa imeanza, na yeye sasa alikuwa mtu wa safu ya mbele.

Alimwamkia kila aliyemzidi umri, na wengine ambao hawakumzidi. Alfajiri alifika msikitini kabla ya mwenye funguo. Hata hivyo, siku ya kumi na mbili hofu ilimshika. Wachunguzi wakija, watamuuliza nani? Muuza mchicha bado alimwita "yule kijana wa godoro". Aliyemjua kwa jina alikuwa mmoja tu: Mzee Matano, jirani yake wa safu ya mbele, mtu wa maneno machache, asiyeachana na mwavuli wake mweusi ulioshonwa kwa uzi wa kijani.

Baada ya alasiri wakakaa kwenye ngazi za msikiti, Abubakar akamwaga yote. Kuna binti wa watu, huko Msambweni. Akimkosa huyo, hajui ataishi vipi. Na watu wake watakuja kuuliza hapa, naye amehama juzi tu kutoka Ukunda.

"Wakija, mzee wangu, sema wanijua tangu nikicheza gololi uwanjani pale."

"Gololi."

"Naam. Na babu yangu ndiye aliyechimba kisima hiki cha msikiti."

Mzee Matano alikitazama kisima. "Babu yako."

"Ni uongo wa kheri, mzee wangu. Mtu ataka kuoa, si kuiba."

"Na huko Ukunda ulifanya nini hata ukimbie?"

"Sikufanya kitu. Huko ndiko wanakonijua."

Mzee akaguna. "Haya, nisomeshe tena, polepole. Kichwa changu kizee hiki. Nikikosea mahali, nirekebishe."

Akakariri mara tatu, Abubakar akimsahihisha kama mwalimu wa madrasa, mpaka mwenyewe akaanza kukiona kile kisima kuwa mali ya ukoo.

Ijumaa iliyofuata aliitwa Msambweni. Kanzu ilikuwa imepigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Chini ya pazia la mlango wa ndani aliiona miguu ya Husna. Haikutulia.

"Kaa, mwanangu," Mzee Sharif alisema. "Kazi yako iko Ukunda, basi tukaanzia huko kuuliza."

Abubakar aliketi.

"Kuna mama muuza tembo, jirani wa chumba ulichokuwa umepanga huko kwa ajili ya kazi. Alilia tulipokutaja. Asema siku ile ya mvua kila mtu alifunga mlango wake, wewe ukamtia mgongoni. Na kijana mmoja wa bara alizima muziki wake ili atusimulie vizuri." Mzee alitabasamu. "Safu ya mwisho nayo tuliambiwa. Hilo hurekebishika. Nilirudi nikamwambia mama Husna, mtu tumempata."

Abubakar akashusha pumzi. Nyuma ya pazia, miguu bado haikutulia.

"Limebaki neno la mjomba. Nalo halina taabu, maana yeye ni wa hukohuko kwenu Kombani. Karibu, shemeji!"

Mlangoni ulitangulia mwavuli mweusi wenye uzi wa kijani.

"Kijana huyu namjua," Mzee Matano alisema, akikaa taratibu. "Namjua tangu akicheza gololi uwanjani. Babu yake ndiye aliyechimba kisima chetu cha msikiti."

Kisha akamgeukia Abubakar.

"Nimekosea mahali, mwanangu?"